Simu Imeshaujua Ugonjwa wa Muhogo. Pingili Safi Ziko Wapi?



Siku hizi naulizwa sana swali moja, kila mtu kwa maneno yake: "Afisa, hii akili mnemba itatufikisha wapi sisi wakulima?" Mwingine anauliza droni, mwingine ameona video ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba na hajui aogope au afurahi. Na wanaoniuliza wengi hawana hata tuta moja la kulima hapa mtaani. Kurasini ni bandari, matangi ya mafuta na yadi za makontena. Kijana anaishi hapa, shamba lake liko ng'ambo ya Daraja la Nyerere kule Kigamboni, au anashuka na Barabara ya Kilwa mpaka Mkuranga. Anakwenda Jumamosi, anarudi Jumapili, katikati ya wiki shamba analisimamia kwa simu. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza teknolojia itamfanyia nini, kwa sababu simu ndiyo jembe lake la pili.

Nitajibu kwa kutumia zao moja tu, muhogo. Najua wengi mnaona muhogo ni zao la wazee, fursa iko kwenye tikiti na pilipili hoho. Lakini karibu kila ugunduzi mnaousikia kwenye habari, akili mnemba, mashine za kusoma vinasaba, mbegu za maabara, umeshapita kwenye muhogo, tena mwingine ulianzia hapa hapa Pwani. Ukitaka kujua sayansi mpya itatubadilisha vipi, angalia muhogo umefanywa nini.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Naamini sayansi inayokuja itakuwa na nguvu kweli, lakini mkulima anayetaka kuendelea peke yake haitamfikisha mbali. Sababu zangu ni hizi.

Simu ilivyowapita maafisa ugani

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na wenzao wa taasisi ya IITA walichapisha kazi yao ya kufundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo. Walianza na picha 2,756 za majani. Picha zile zilipigwa wapi? Kwenye mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo. Kompyuta ilipoonyeshwa picha ambazo haijawahi kuziona, ilipatia kwa kiwango cha asilimia 93.

Kutoka kwenye kazi ya aina hiyo ndipo ikaja programu ya simu inayoitwa Nuru, ya PlantVillage, ambayo IITA, FAO na wengine wameshiriki kuijenga. Unaelekeza kamera kwenye jani, simu inakuambia kama ni batobato, michirizi ya kahawia au shambulio la utitiri wa kijani. Haihitaji bando wakati wa kupima, kwa hiyo hata kule ndani ndani kusikoshika mtandao inafanya kazi.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 2020 ilichapishwa tathmini iliyofanyika Afrika Mashariki, wakailinganisha Nuru na binadamu. Nuru ilipatia asilimia 65. Maafisa ugani, yaani watu wa kada yangu, tulipatia kati ya asilimia 40 na 58. Wakulima walipatia kati ya asilimia 18 na 31. Na Nuru ikipewa majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, inapanda mpaka kati ya asilimia 74 na 88.

Kuna wenzangu hizi namba hawazipendi. Mimi naona ni habari njema. Afisa ugani wa kata anaulizwa kuku, anaulizwa mchicha, anaulizwa ng'ombe wa maziwa, na jioni anaulizwa mbolea ya minazi. Hakuna kichwa kimoja kinachobeba yote hayo kwa usahihi. Daktari akipewa darubini hanuni kwamba darubini inaona wadudu kuliko jicho lake.

Lakini angalieni pia tofauti ya 93 na 65. Ile 93 ilikuwa ya picha zilizopigwa vizuri na wataalamu. Ile 65 ni ya mazingira ya kazi, kwenye jua kali, jani lina vumbi, mkono unatikisika, dalili ndiyo kwanza zinaanza. Mtu akikuuzia programu au kifaa na kukutajia asilimia kubwa, muulize hiyo asilimia ilipimwa wapi. Ilikuwa maabara, au shambani kwa mkulima kama wewe?

Jina la ugonjwa halijazi gunia

Zamani ukiona majani ya muhogo yamejikunja, ulimsubiri afisa wiki nzima aje aseme ni nini. Leo jibu unalipata kwa nusu dakika, bure. Kujua jina la ugonjwa kumekuwa rahisi. Na kitu kikiwa rahisi hakikupi faida tena, kwa sababu kila mtu anacho. Faida inahamia kwenye kile ambacho bado ni kigumu kupatikana.

Kwenye muhogo kigumu ni pingili safi.

Batobato na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi, na virusi vya mimea havina dawa. Hakuna chupa utakayopulizia mmea wenye batobato ukapona. Mtu akikuuzia "dawa ya batobato" dukani, ujue amekuuzia maji yenye harufu. Kiuatilifu kinaweza kupunguza inzi weupe wanaosambaza virusi, lakini mmea ulioshikwa ndiyo umeshashikwa, na ukikata pingili zake ukapanda kwingine, umeupeleka ugonjwa kwa mikono yako.

Michirizi ya kahawia ndiyo yenye hila zaidi. Mmea unaweza kuwa na majani ya kijani yenye kupendeza, shina limenyooka, halafu ukichimba unakuta muhogo una mabaka ya kahawia, umekauka ndani kama kuni. Nuru inaangalia jani tu, chini ya udongo haioni. Mnunuzi wa Mbagala Rangi Tatu au Temeke Stereo yeye haangalii jani. Anachukua muhogo mmoja, anaukata katikati mbele ya macho yako. Akiona kahawia, bei inashuka papo hapo au anakwenda kwa mwingine. Mama anayekaanga mihogo jioni hawezi kumpa mteja kipande chenye doa, hata ukimwagia kachumbari na pilipili kiasi gani.

Tupige hesabu kidogo, maana nyie ni wafanyabiashara. Ukipanda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, heka moja inataka pingili kama 4,000. Mmea mmoja wa muhogo baada ya msimu unakupa pingili kama 10 nzuri za kupanda. Maana yake heka moja safi mwaka huu inazaa mbegu ya heka 10 mwaka ujao. Linganisha na mahindi, ambako punje moja inakupa gunzi lenye mamia ya punje. Na pingili ni mzigo mkubwa, inakauka, haiwezi kukaa ghalani miaka miwili ikisubiri mvua.

Ndiyo maana wanasayansi wanaweza kutoa aina nzuri leo, na wewe ukaja kuiona shambani kwa jirani baada ya miaka mingi. Taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, TARI, ina aina zinazostahimili magonjwa, kama Kiroba, Chereko, Kipusa na Mkuranga 1. Aina ya kuipanda unaweza kuipata. Tatizo ni kuizidisha ikiwa safi mpaka imfikie kila anayelima, na hiyo kazi simu haiwezi kuifanya.

Amani walishatangulia

Msidhani mambo ya ugunduzi yameanza na simu janja. Batobato ya muhogo ilielezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1894, na Mjerumani aitwaye Warburg, na mimea aliyoieleza ilikuwa ya hapa hapa kwetu. Michirizi ya kahawia nayo ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanga. Yaani magonjwa yote mawili makubwa ya muhogo Afrika yaliandikwa kwa mara ya kwanza kutokana na mashamba ya Tanganyika.

Watu wa Amani hawakuishia kuandika. Kuanzia miaka ya 1930 walianza kuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwemo mti wa mpira wa Ceara, wakitafuta kinga. Kazi hiyo haikuhitaji kompyuta. Ilihitaji uvumilivu, kuchavusha ua kwa mkono, kupanda, kusubiri, kutupa yaliyoshindwa na kuanza upya. Aina ya Namikonga, ambayo wazee wa kusini wanaijua, imetokana na kazi ile. Wakenya wa pwani wanayo hiyo hiyo, wao wanaiita Kaleso.

Halafu kazi ya Amani ikasimama katika miaka ya 1950. Lakini mbegu zilikuwa zimeshapelekwa Nigeria, na miaka ya 1970 IITA pale Ibadan wakatumia uzao wa Amani kutengeneza aina zinazostahimili batobato. Batobato kali ilipoivamia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufyeka mashamba, sehemu ya mbegu zilizowaokoa wakulima kule zilitoka Ibadan, na ndani yake mlikuwa na damu ya Amani. Zilitoka Tanga, zikaenda Afrika Magharibi, zikarudi kwetu Afrika Mashariki baada ya miongo mitatu.

Mnajifunza nini hapo? Mimi najifunza mawili. La kwanza, ugunduzi mkubwa unaweza kufanyika nyumbani kwako, na bado ukakaa miaka 30 kabla haujamfikia mkulima, kama hakuna aliyeandaa njia ya kuufikisha. La pili, asiyetunza mbegu yake ataipokea siku moja kutoka kwa aliyeitunza, kwa masharti ya huyo aliyeitunza.

Maabara chini ya mti, na mkasi wa vinasaba

Tuje kwenye mapya. Kuna mashine ndogo ya kusoma vinasaba inaitwa MinION, inashikika mkononi, inachomekwa kwenye kompyuta mpakato. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti, akiwemo Dkt. Joseph Ndunguru wa hapa kwetu, ambaye baadaye alikuja kuongoza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, walichapisha jinsi walivyoipeleka mashine hiyo mashambani Tanzania, Kenya na Uganda. Walifanya kipimo chini ya mti, na ndani ya saa chache mkulima akajua ni kirusi gani kiko kwenye muhogo wake. Kipimo hiki kinakwenda mbali kuliko kamera, kwa sababu kinatafuta kirusi chenyewe. Kwa anayezalisha pingili, hicho ndicho kipimo cha kutamani, maana kinaweza kukamata ugonjwa ambao jani halijauonyesha.

Kisha kuna uhariri wa vinasaba, ule wa CRISPR, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2020. Unaweza kuufikiria kama mkasi unaokata sehemu moja tu ya kinasaba. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukikata vinasaba viwili ambavyo kirusi cha michirizi ya kahawia hujishikiza navyo ndani ya muhogo, ugonjwa unapungua makali. Haukuisha kabisa, ulipungua. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu mitandaoni utasikia kwamba tatizo limeshamalizwa.

Na kuna zile mnazoziita GMO. Hapa Tanzania jaribio la mahindi ya kustahimili ukame lilianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Mwaka 2018 Wizara ya Kilimo ikaagiza lisimamishwe, na mwaka 2021 waziri wa wakati ule, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuachana na majaribio hayo. Wenzetu Kenya wamekwenda njia nyingine. Mwaka 2021 mamlaka yao ya usalama wa bioteknolojia iliidhinisha muhogo uliobadilishwa vinasaba ili kuhimili michirizi ya kahawia, na mwaka 2022 serikali yao ikaondoa marufuku ya GMO, jambo lililowapeleka kwenye mvutano wa mahakamani.

Haya yafuatayo ni maoni yangu binafsi, siyo ya ofisi. Hofu ya kutegemea mbegu ya kampuni ya nje ni hofu halali, na mkulima anayeitaja asidharauliwe kwamba hajasoma. Lakini kukataa kupanda ni uamuzi mmoja, na kukataa kupima ni uamuzi mwingine. Pingili ya muhogo inasafiri kwenye buti la basi. Mtu anaweza kukata pingili tano kwa shemeji yake Kwale, akavuka nazo Horohoro, na mwaka unaofuata zikawa ziko Muheza. Mkulima wa kule akipanda kitu kipya, siku moja kitafika huku, tumekubali au hatujakubali. Siku hiyo tutahitaji wataalamu wetu wenye uwezo wa kulipima jani na kutuambia hiki ni nini, kina faida gani, kina madhara gani. Uwezo huo haujengwi kwa siku moja. Kwa hiyo natamani utafiti ufanyike hapa, kwa uangalizi mkali, na wanasayansi wetu ndio waongoze, halafu tukatae au tukubali tukiwa na majibu yetu wenyewe mkononi.

Inzi mweupe hajui mpaka wa shamba lako

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mila ya Pwani ni kwamba pingili haziuzwi. Unamwendea bibi jirani, unasalimia "shikamoo bibi", unamwambia umekuja kuomba mbegu. Anakuonyesha shamba, unakata, unabeba mzigo wako. Mwaka mwingine yeye au mwanawe anakuja kwako. Muhogo umeenea nchi hii nzima kwa njia hiyo, bila duka na bila risiti. Ni ukarimu mzuri, na ndiyo njia hiyo hiyo ambayo ugonjwa umeenea nayo.

Sayansi mpya inakuja kuibadilisha mila hiyo. Pingili iliyopimwa ina gharama: kuna mtu amelipia kipimo, amelipia ukaguzi wa TOSCI, ametunza shamba lake mbali na mihogo ya zamani. Hawezi kuitoa bure. Kwa hiyo tutakuwa na wakulima wa aina mbili. Kijana wa Kurasini mwenye mtaji atanunua pingili safi. Bibi wa Mkuranga ambaye heka yake inapakana na ya kijana ataendelea na zile za kuomba.

Wengi wenu mtasema, poa tu, hiyo ndiyo biashara. Hapana. Inzi mweupe akishafyonza mmea mgonjwa wa bibi, anaruka mpaka kwako. Hasomi cheti cha mbegu zako. Umeweka mtaji wa pingili safi, umeweka vibarua, umeweka mbolea, na mtaji wako wote unalindwa na afya ya shamba ambalo siyo lako. Ukimwacha nyuma jirani, msimu wa pili au wa tatu mnakuwa sawa tena, ila wewe una hasara kubwa zaidi.

Jambo hili limeshajaribiwa. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wakulima wa maeneo mawili, moja Chato na jingine hapa Mkuranga, walikubaliana na watafiti kung'oa mihogo ya zamani eneo lote na kupanda pingili safi kwa pamoja. Waliopanda hivyo walivuna zaidi ya mihogo ya kienyeji iliyolinganishwa nayo. Ugumu wake mnaweza kuuona wenyewe. Kumwambia mtu ang'oe muhogo wake wakati ndiyo chakula cha watoto wake ni jambo la kukaa kikao, tena zaidi ya kimoja. Anataka ahakikishiwe atakula nini mpaka mpya uive.

Hapo ndipo naona kazi ya afisa ugani wa kesho. Kutaja jina la ugonjwa simu imeshatupita, sawa. Lakini simu haiwezi kuitisha kikao chini ya mwembe, kumsikiliza mzee anayekataa, kumtafutia mama mmoja mbegu ya miezi ya kusubiri, na kumshawishi kijana mwenye heka tano kwamba mizigo kadhaa ya pingili kwa jirani ni bima ya shamba lake. Na nyie vijana mna nafasi yenu kwenye kikao hicho, kwa sababu mtaji mkubwa wa kupotea ni wenu.

Picha zako nazo ni mali

Nigusie jambo moja dogo kabla ya ushauri. Akili mnemba imejifunza kutokana na majani ya Bagamoyo. Kila picha ya shamba, kila kumbukumbu ya mavuno, kila mahali simu yako inaporekodi ulipo, ni chakula cha hizo mashine. Programu ya manufaa ya umma kama Nuru sina wasiwasi nayo sana. Lakini zinakuja nyingine za mikopo na za masoko zinazotaka kujua unalima nini, wapi na unadaiwa na nani. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ujue kwamba una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumika kwa kazi gani. Usibonyeze "nakubali" kichwakichwa kwa sababu tu umeahidiwa mkopo wa mbolea.

La kufanya msimu huu

1. Pakua programu ya kutambua magonjwa na uitumie, lakini pima majani sita ya mmea mmoja, usitosheke na jani moja. Pita shambani ukifuata mistari, siyo kando ya njia tu.

2. Usikate pingili kutoka mmea ambao hujauona muhogo wake. Chagua mbegu siku ya kuvuna. Chimba, kata mihogo ya shina hilo, ukiona doa la kahawia achana na shina zima hata kama majani yanapendeza.

3. Tenga robo heka iwe ya mbegu tu, mbali na mihogo ya zamani kadiri uwezavyo. Robo heka ni mimea kama 1,000, inakupa pingili kama 10,000, zinatosha heka mbili na nusu. Anza na mbegu kutoka TARI au kwa mzalishaji anayetambulika. Ukiona mmea wenye dalili humo ndani, ng'oa mapema, usiuonee huruma.

4. Ukitaka kuuza pingili kama biashara, waone TOSCI kabla hujapanda, siyo baada ya kuvuna. Kuna utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora unaoweza kumfaa mzalishaji mdogo. Soko lipo, kwa hesabu niliyowaonyesha.

5. Kabla ya kuuza pingili ya kwanza, hesabu majirani wanaopakana nawe na uwatengee zao. Wape bure, au mkopeshane kwa mila ile ile ya zamani: leo nakupa mzigo mmoja, ukivuna unampa mwingine. Iandike kama gharama ya ulinzi wa shamba, pamoja na gharama ya mlinzi.

6. Andika. Tarehe ya kupanda, mbegu ilikotoka, mimea uliyong'oa, kilo ulizouza. Siku mtaalamu akija na kipimo kipya, mwenye kumbukumbu ndiye atakayemfaa, na ndiye atakayefaidika kwanza.

Kila mwaka viwanja vya Sabasaba hapo Barabara ya Kilwa vinajaa mitambo mipya, na kila mwaka vijana wananiuliza wanunue ipi. Mtambo wa kununua upo, na ukiwa na hela nunua. Ila kabla ya hapo nenda kamwone jirani yako wa shamba, muulize mbegu yake ameitoa wapi na iko katika hali gani. Jibu atakalokupa litakuambia mavuno yako ya mwakani kuliko kitu chochote utakachokiona kwenye maonyesho.

Mvua zikianza, tukutane shambani.